Kwenda kwao Noeli si haki ya ekspatrie peke yake



Noeli ikikaribia, uwanja wa ndege wa Luano unajaa. Kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na mbili utawaona wanashuka kwenye gari za kampuni, zile zenye vumbi jekundu la Fungurume na Kolwezi: wahandisi, wakubwa wa mitambo, watu wa hesabu, wapishi wa kambi. Mmoja anakwenda Johannesburg, mwingine anapita Addis Ababa kuelekea Ulaya, mwingine Nairobi. Tikiti imelipwa na kampuni. Siku zake za mapumziko anazijua tangu miezi mingi. Atakula Noeli na watoto wake, atapitisha Bonana kwao, kisha mwezi wa kwanza atarudi kazini akiwa amenenepa kidogo.

Sina neno naye. Mtu aliyekaa wiki sita, nane, bila kuona watoto wake anastahili kwenda kuwaona, awe mzungu, Muhindi au mtu wa Afrika Kusini. Asubuhi hii sigombani na mwenye kusafiri. Ninagombana na mwenye kupanga karatasi ya zamu, yule anayeandika upande mmoja wa karatasi kwamba huyu ametoka mbali, na upande wa pili kwamba yule ni "wa hapa".

Tuchukue ramani ya shule, ile iliyobandikwa ukutani, na tupime. Kutoka Lubumbashi mpaka Kitwe, Zambia, kwa mstari ulionyooka haifiki kilomita 200. Fundi wa Kitwe akipata kazi kwenye mgodi wa huku anaitwa ekspatrie, na mara nyingi mkataba wake una siku za kwenda kwao. Sawa. Sasa pima mpaka Kalemie: inapita kilomita 600. Pima mpaka Kananga: inapita 800. Pima mpaka Bukavu au Goma: inapita 1,000. Kijana wa Kalemie anayeshika kazi ileile na kuvaa kofia ileile, anaitwa mwenyeji. Hana tikiti, hana zamu ya kwenda kwao. Akiuliza, mkubwa wa kazi anamwambia: "Wewe si uko kwenu?"

Kwa hiyo neno ekspatrie halipimi umbali. Ni neno la mshahara. Linasema mtu huyu analipwa kwa ngazi ipi, anakula kwenye meza ipi, analala kwenye kambi ipi. Nimesikia watu wazima wakilitumia kana kwamba ni neno la jiografia, na kila mara nashangaa, maana mpaka wa Kasumbalesa uko mlangoni petu, kama kilomita 90 tu, na mtu akishaukanyaga kutoka upande wa pili amekuwa "wa mbali". Yule aliyevuka Lualaba na kulala njiani siku nne amefika "kwake".

Turudi kwenye sheria, maana wengi wanadhani hakuna. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka kima cha chini cha konje: siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima, na siku moja ya kuongeza kila miaka mitano kwa mwajiri yuleyule. Mwaka mmoja, siku 12. Kampuni inaruhusiwa kutoa zaidi, na kwa maekspatrie wake inatoa zaidi sana. Kwa wengine inashika zile 12 kama mtoto anayeshika kipande cha mkate.

Siku 12 za kufanya nini? Chukua baba wa Kananga. Treni ya SNCC kutoka hapa kwenda kwao inaweza kumaliza wiki nzima kwenda tu, na hiyo ni kama haikukwama. (Wanaoipanda wanajua: unabeba unga, makala na sufuria, kwa sababu njia inaweza kulala na wewe.) Akifika, siku zake zimeisha kabla hajakaa chini. Wa Kalemie naye anapita Kamina na Kabalo kwa reli ileile, au anashika barabara, na mwezi wa kumi na mbili ni mvua, matope yanameza lori zima. Wa Goma? Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa M23. Bukavu ukafuata mwezi wa pili. Kwa hao hata mwenye hela ya ndege hana pa kushukia, labda azunguke kwa nchi za jirani.

Sheria hiyohiyo ina sehemu kuhusu safari. Mwajiri akimtoa mtu mahali pengine ili aje kufanya kazi kwake, gharama ya safari ya mfanyakazi na jamaa yake iko juu ya mwajiri, kuja na kurudi. Hapa ndipo ujanja unapoingia, na naomba tusikilizane vizuri. Kwenye mkataba kuna mstari unaosema mahali mtu alipoajiriwa. Kijana wa Kalemie anasikia kwamba kuna kazi, anajilipia njia mwenyewe, analala kwa mjomba wake Katuba, anapanga mstari mlangoni kwa kampuni siku kumi. Wakimchukua wanaandika: ameajiriwa Lubumbashi. Mara nyingi hata hasomi, anatia saini kwa furaha. Kwa mstari ule mmoja safari yake yote imefutwa. Ekspatrie anaandikiwa mji wake, na kila kitu kinafuata kutoka hapo.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wageni, wazungu na Wachina, wametuonea tangu zamani. Nusu ni kweli. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imehifadhi kazi za sutretansi kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Sheria nzuri, na niliifurahia. Lakini sasa wengi wa hawa vijana, wenye kuchimba, kufagia, kuendesha gari, kulinda na kupika, wako chini ya kampuni hizo za sutretansi. Yaani anayeandika "wa hapa" kwenye mkataba siku hizi ni ndugu yetu, tunasali naye, na Noeli yeye mwenyewe anapanda gari kwenda kusherehekea Likasi kwa mama yake. Mgodi mkubwa ukiulizwa unasema: huyo si mfanyakazi wetu, uliza sutretansi. Sutretansi ikiulizwa inasema: mgodi ndio unapanga zamu. Kijana anabaki katikati kama mpira.

Wala si kila mgeni anakula maisha. Wachina wengi wa kawaida, wale wa kuchomelea vyuma na kuendesha mitambo, wanakaa mwaka na zaidi bila kuona kwao, na sikukuu yao kubwa ya mwaka mpya, inayoanguka Januari au Februari, wanaipitisha ndani ya ukuta wa kambi. Na wale madereva wa Tanzania! Wanatoka Dar es Salaam, wanapita Tunduma na Nakonde, wanavuka Zambia nzima, kisha wanafika Kasumbalesa na kulala kwenye mstari wa malori siku nyingi, chini ya gari, na jiko dogo la makala. Noeli inawakuta hapo. Wanazungumza Kiswahili kizuri kuliko chetu, na hatujawahi kuwaita maekspatrie, tunawaita madereva. Ndiyo maana nasema ni neno la mshahara.

Jambo hili ni la zamani kuliko sisi wote. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji huu mwaka 1910, na tangu mwanzo shaba ya hapa ilichimbwa na watu wa mbali. Walitafutwa Rhodesia ya Kaskazini, Maniema, Kasai, Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mpango: ikaanza kuwaleta wake, kujenga kambi, kugawa posho kwa jamaa nzima, kufungua shule na hospitali. Vitabu vinalisifu jambo hilo, na kweli wazee wetu walipata mambo mengi humo. Lakini hesabu yake ilikuwa wazi: mtu mwenye mke na watoto kambini hatarudi kwao. Mzungu alipewa likizo ya kwenda Ulaya. Mweusi aliletewa jamaa yake ili asiwe na sababu ya kuondoka. Mmoja akabaki mtu wa kwao, mwingine akafanywa mtu wa kampuni.

Na huyo mtu wa kampuni alipouliza, alijibiwa namna gani? Ilikuwa pia mwezi wa kumi na mbili. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, na wafanyakazi weusi wa Union Minière wakagoma kudai mshahara. Tarehe 9 Desemba 1941 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, karani Léonard Mpoyi akiwa msemaji wao. Askari wakafyatua risasi. Mpoyi alikufa hapo, pamoja na wengine wengi. Wiki mbili baadaye ilikuwa Noeli. Sijui kama shuleni watoto wetu wanaambiwa habari hii. Wa nyumbani kwangu niliwaambia mimi.

Kuna miaka mingine ambayo watu hawapendi niitaje, na nitaitaja. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga, mamia ya maelfu. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni, watoto wakafia hapo. Wengi wao walizaliwa huku, na baba zao walizaliwa huku. Mwaka mmoja kabla, kampuni ilikuwa inawahesabu kuwa wa hapa. Ghafla wakakumbushwa kwamba wao ni wa mbali, warudi "kwao". Tazameni basi namna tunavyopima watu. Tukitaka kumfukuza mtu, tunakumbuka haraka alikotoka. Akiomba siku za kwenda kuona alikotoka, tunasahau.

Sasa niseme na ninyi mliokimbia. Kuna waliotoka Mitwaba, Pweto na Manono, ile sehemu iliyoitwa pembe tatu ya kifo, wakati vijiji vilipochomwa na Bakata Katanga. Kuna waliotoka Tanganyika kwa vita vya Wabatwa na Waluba. Kuna waliofika mwaka huu kutoka Kivu. Wengi wenu mmepata kazi ambazo wenyeji wanazikimbia: kulinda usiku, kufua, kupika, kulea watoto wa wengine. Mnajua mitaa ya Golf na Bel-Air kuliko sisi waandishi wa habari.

Basi mlinzi wa nyumba ya ekspatrie, Noeli yake ikoje? Mwenye nyumba amekwenda kwao wiki tatu. Ameacha funguo, mbwa, jenereta na namba ya simu. Mlinzi hawezi kutoka hata kwenda misa, kwa sababu wezi wa mji huu wanajua kalenda ya ndege kuliko Luano yenyewe. Analinda nyumba ya mtu aliyekwenda kwao. Wakati huo mke wake yuko Ruashi kwenye chumba cha kukodi, anatafuta bukari na sombe ya siku hiyo, maana kuku bei yake imeshapanda juu ya kichwa cha maskini. Mama mmoja wa huko aliniambia mwaka jana: "Noeli ni siku ya baba wa watoto kulinda mbwa." Alikuwa anacheka aliposema. Mimi sikucheka.

Nimesikia jibu la watu wenye akili nyingi: hawa wamekimbia vita, hawana kwao pa kurudi, likizo itawasaidia nini? Ni jibu la mtu ambaye hajawahi kutawanyika. Kwao kwa mtu si nyumba ya matofali peke yake. Mama yuko Kalemie kwa dada. Kaka yuko Tanzania, kambi ya Nyarugusu, tangu miaka. Mtoto wa kwanza alibaki na shangazi Uvira, na simu yake inashika siku moja kwa wiki. Huyo mtu anahitaji siku za kwenda kuliko mimi ninayelala na jamaa yangu kila usiku. Anahitaji kwenda kuhesabu nani bado yuko, nani amezaa, nani amezikwa na wapi. Kuna mizigo ambayo haiwezi kutumwa kwa simu, hata hela ikitumwa. Serikali yenyewe imeweka sikukuu tatu ndani ya siku kumi na moja, tarehe 25 Desemba, tarehe 1 Januari, na tarehe 4 Januari ya Mashahidi wa Uhuru. Imeziweka kwa ajili ya nani, kama nusu ya mji inazipitisha mlangoni kwa mtu?

Kampuni zina jibu lao, na si la kijinga: mgodi haulali. Tanuru ya shaba haizimwi kwa sababu ya Noeli, pampu za maji haziwezi kungoja Bonana, na ukiwapa watu wote ruhusa siku moja, mgodi unajaa maji. Nakubali. Lakini jibu hilo linajijibu lenyewe. Maekspatrie nao wanafanya kazi kwenye mgodi huohuo usiolala, na wanakwenda kwao. Wanakwendaje? Kwa zamu. Huyu Noeli, yule Bonana, mwingine Pasaka, na mwaka unaofuata wanabadilishana. Kuna mtu ofisini analipwa kupanga hayo. Anayeweza kupanga zamu ya watu wanaopanda ndege mbili na kulala Addis Ababa, hawezi kushindwa kupanga ya watu wa Kalemie na Kananga.

Wanasema pia kwamba wanatoa zawadi ya mwisho wa mwaka. Ndiyo, tunaiona: katoni yenye kuku wa barafu, mfuko wa mchele, chupa ya mafuta, labda na kalenda yenye picha ya mkurugenzi. Tunashukuru. Kuku huyo ataliwa Katuba na mtu aliye peke yake, na mafuta mke wake wa Kalemie hatayaona. Mwambieni achague kati ya katoni na siku kumi za kuongeza, muone atachagua nini.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Binamu akitua kutoka Brussels tarehe 20, parsele yote inapakwa rangi, mbuzi anachinjwa, kwaya inaitwa. Kijana wa kwenye mgodi akirudi kijijini kwao baada ya miaka mitatu, jambo la kwanza tunaloangalia ni mikono yake, amebeba nini. Kuna vijana ambao hata wakipewa siku hawaendi, kwa kuogopa macho hayo. Simu inalia: "Mutoto, Bonana utakuya?" Anajibu: "Mama, hapana, banatuweka ku kazi." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine hakuwekwa kazini, amekaa chumbani kwake Kamalondo na chupa moja ya Simba, kwa sababu hela yake inatosha njia tu, na njia bila zawadi anaiona aibu. Hilo tumelifanya sisi, hakuna mgodi ulioliandika kwenye mkataba.

Tunachodai kinaweza kufanyika mwezi huu huu. Karatasi za zamu za sikukuu zinabandikwa sasa. Wajumbe wa sendika wadai karatasi moja kwa wafanyakazi wote, maekspatrie na wengine, ibandikwe mahali pamoja, kila mtu asome nani anakwenda na nani anabaki. Wadai pia kwamba aliyebaki Noeli mwaka jana asibaki tena mwaka huu, na kwamba siku za njia zihesabiwe mbali na siku za konje kwa mtu ambaye kwao ni zaidi ya siku mbili za safari. Migodi mikubwa iandike sharti hilo kwenye mikataba yao na sutretansi, kama wanavyoandika masharti ya kofia na viatu. Gavana na wabunge wa jimbo, ambao kila mwaka wanatutumia salamu za Noeli hewani, mwaka huu wamtume mkaguzi wa kazi pamoja na salamu.

Ninyi wenye mikataba nyumbani, itoeni leo usiku kwenye sanduku. Tafuteni mstari wa mahali pa kuajiriwa. Ikiandikwa Lubumbashi na wewe ulitolewa Kalemie au Manono, usiende ofisini peke yako. Mwende watatu, wanne, na nakala mkononi, kwa mjumbe wenu kwanza. Wale ambao bado hawajatia saini, msitie saini mstari huo ukiwa wa uongo. Na walinzi, na mama wa kazi za nyumbani, ambao hamna karatasi yoyote: mwombeni mtoto anayesoma awaandikie kwenye daftari tarehe mliyoanza kazi, mtaa wa nyumba, mshahara mnaopata kwa mwezi, na jina la kijiji mlichotoka. Daftari hilo ndilo mtakaloonyesha mkaguzi akiwauliza mmetoka wapi.